Kifo cha seli chataka shahidi zaidi ya mmoja

Wiki hii nataka tuzungumzie kifo, lakini si cha mtu. Ni kifo cha seli, zile chembe hai zinazojenga mwili. Kinatuhusu, kwa sababu saratani hustawi pale seli zinapokataa kufa wakati wao ukifika.

Katika miaka ya 1960 daktari wa Australia, John Kerr, akichunguza maini ya panya, aliona jambo geni. Seli iliyojeruhiwa vibaya huvimba, ikapasuka na kuwasumbua jirani zake. Hizi zilisinyaa kimya kimya, zikakatika vipande, na jirani wakavimeza. Mwaka 1972 yeye, Andrew Wyllie na Alastair Currie walikipa kifo hicho jina la Kigiriki, apoptosisi, yaani kupukutika kama majani. Seli inajiua yenyewe, kwa utaratibu.

Lakini ushahidi ulikuwa wa macho tu, kwenye darubini. Mwaka 1980 Wyllie akaongeza mwingine. Alionyesha kwamba DNA ya seli hizo hukatwa kwa vipimo maalumu. Vipande vikivutwa kwa umeme ndani ya jeli, hujipanga kama vidato vya ngazi. Hata hivyo, ngazi hiyo hutokana na seli nyingi zilizosagwa pamoja. Haisemi ni ipi iliyokufa.

Mwaka 1992 ikaja mbinu iitwayo TUNEL, inayotia alama kwenye ncha za DNA iliyokatika, seli moja moja. Wengi walifurahi. Mwaka 1995 watafiti waliorudi kwenye maini ya panya wakagundua kwamba hata seli zilizopasuka kwa majeraha hupata alama hiyo hiyo.

Miaka hiyo hiyo ikaingia proteini ya aneksini, ambayo hunasa mafuta fulani yanayojitokeza nje ya ngozi ya seli inapoanza kujiua. Nayo haiachwi peke yake. Hutumiwa pamoja na rangi isiyoweza kupenya ngozi iliyo nzima, ili seli iliyokwisha kutoboka isihesabiwe kimakosa.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu si mvua. Ndiyo maana maabara makini haihukumu kwa kipimo kimoja. Nasi tukisikia kwamba dawa fulani imeua seli za saratani maabara, tuulize: zilikufa kifo gani, na vipimo vingapi vimeshuhudia?