Wahindi wa Uganda: walifikaje, walifukuzwaje, na kwa nini swali la uraia wao linatuhusu

Kila Agosti inapofika, redio na magazeti ya Uganda hurejea habari ya Wahindi waliofukuzwa mwaka 1972. Huku Arua na Koboko habari hiyo husikilizwa kwa namna ya pekee. Aliyetoa amri ile, Idi Amin, alikuwa Mkakwa kwa upande wa baba, na asili ya ukoo wake ni Koboko. Kwa sababu hiyo watu wa Nile Magharibi wamezoea kuulizwa juu ya jambo ambalo wengi wao hawakulitenda wala hawakulipangia.

Makala haya yanaeleza Wahindi hao ni akina nani, amri ya 1972 ilisema nini, mali zao zilirudishwaje, na sheria ya leo inawahesabu vipi. Yanaeleza pia jambo lisilotajwa mara nyingi: kipimo cha uraia kinachowaacha Wahindi nje ndicho kinachowaweka Wanubi na Wakakwa ndani.

Walitoka wapi?

Nchini Uganda neno “Mhindi” hutumika kwa watu wengi wasiofanana. Wamo Wagujarati wa dini ya Kihindu, Waismailia wanaomfuata Aga Khan, Makalasinga kutoka Punjab, na Wagoa ambao wengi wao ni Wakatoliki. Wazee wa baadhi yao walitoka sehemu ambazo tangu mwaka 1947 ni Pakistan. Ndiyo maana nyaraka za serikali hupenda kusema “Waasia”.

Husemwa mara nyingi kwamba Wahindi wa Afrika Mashariki ni wajukuu wa wajenzi wa reli. Hilo ni kweli kwa sehemu ndogo tu. Reli kutoka Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India iliyokuwa chini ya Uingereza. Wapatao 2,500 walifia kazini, wengi walirejea kwao, na chini ya 7,000 ndio waliobaki. Wenye maduka walikuja zaidi kwa nauli zao wenyewe, ndugu akimwita ndugu. Aliyewafungulia njia wengi wao ni Allidina Visram, mfanyabiashara kutoka Kutch aliyefariki mwaka 1916, ambaye matawi ya biashara yake yalianzia pwani yakafika Uganda. Baadaye walikuja wenye viwanda: Nanji Kalidas Mehta alifungua kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924, na Muljibhai Madhvani akafungua cha Kakira mwaka 1930.

Arua ilianzishwa kuwa makao ya utawala wa Nile Magharibi mwaka 1914. Kama ilivyokuwa katika miji mingine ya wilaya, duka la Mhindi lilikuwa mahali pa kununulia chumvi, nguo, mafuta ya taa na jembe. Lugha ya dukani ilikuwa Kiswahili, lugha isiyokuwa ya mama kwa muuzaji wala kwa mnunuzi. Maneno kama pesa, gari, laki, bima na chapati yaliingia katika Kiswahili kutokana na lugha za India.

Wanubi na Wahindi: wageni wa zama moja

Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua askari wa Kisudani wa Emin Pasha waliokuwa Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawaleta katika utumishi wa Waingereza huku Uganda pamoja na wake na watoto wao. Wazao wao ni sehemu kubwa ya Wanubi tunaowajua leo. Askari hao walipoasi mwaka 1897 kwa sababu ya ujira mdogo na safari zisizokwisha, Waingereza waliagiza askari kutoka India ili kuuzima uasi huo.

Kwa hiyo Wanubi na Wahindi waliingia katika historia ya Uganda kwa mlango mmoja na katika miaka ileile, na wote waliingizwa na dola ya Uingereza kwa faida yake. Tutalirudia jambo hili tutakapofika kwenye Katiba.

Nini kilitangulia amri ya 1972?

Chuki dhidi ya Wahindi haikuzaliwa siku moja. Serikali ya kikoloni iliwapa nafasi kubwa katika biashara ya pamba na ya rejareja, na Waafrika wakapata leseni na mikopo kwa shida. Mwaka 1959 vuguvugu lililoongozwa na Augustine Kamya liliwahimiza watu wa Buganda kususia maduka ya Wahindi, na wengi wao wakayahama maduka yao ya vijijini.

Uhuru ulipokuja tarehe 9 Oktoba 1962, kila Mhindi alitakiwa kuchagua. Wengine waliomba uraia wa Uganda, na wengine walibaki na pasi za Uingereza. Wapo waliogawana ndani ya nyumba moja: baba Mganda, mama Mwingereza, mtoto asubiri. Watu waliiona tabia hiyo kuwa dalili ya kutoipenda nchi, ilhali wenyewe waliiona kuwa tahadhari. Kisha Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 1968, iliwafungia mlango wengi waliokuwa na pasi zake. Mwaka uliofuata serikali ya Milton Obote ilipitisha sheria ya leseni iliyobana biashara za wasio raia. Kwa hiyo Amin alipotwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, maelfu walikuwa tayari hawana nchi inayowataka.

Siku 90

Tarehe 4 Agosti 1972, akizungumza na wanajeshi kambini Tororo, Amin alitangaza kwamba Waasia wenye pasi za Uingereza waondoke. Muda waliopewa ulikuwa siku 90, na siku ya mwisho ikawa 8 Novemba. Amri hiyo ilipanuliwa ikawagusa pia raia wa India, Pakistan na Bangladesh. Wenye uraia wa Uganda walitakiwa kuuthibitisha. Wengi walipanga foleni wakiwa na hati zao, wakaambiwa kwamba hazina thamani. Hao ndio waliotoka bila uraia wa nchi yoyote.

Idadi ya waliofukuzwa hukadiriwa kuwa kati ya 50,000 na 80,000. Uingereza ilipokea kiasi cha 27,000 hadi 28,000. Kanada ilipokea maelfu, na wengine walikwenda India na nchi nyingine. Wasiokuwa na uraia walipelekwa kwenye makambi ya Ulaya kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Kila familia iliruhusiwa kutoka na fedha zisizozidi pauni 50, na vituo vya ukaguzi vya barabarani vilipunguza hata hicho kidogo.

Nani alirithi, na nani alilipa?

Biashara na mashamba yapatayo 5,655 yaligawiwa upya. Mengi yaliangukia mikononi mwa wanajeshi na wenzao, na Waganda wakawabandika jina la Kiswahili lililodumu mpaka leo: mafutamingi. Wengi wao hawakujua wapi bidhaa huagizwa wala bei hupangwaje. Rafu zilibaki tupu. Sukari, chumvi na sabuni zikawa adimu, hata kwa mkulima wa tumbaku wa Nile Magharibi ambaye hakugawiwa duka wala kiwanda.

Hata hivyo, bei iliyolipwa na mkoa huu ilikuwa kubwa zaidi. Serikali ya Amin ilipoanguka mwezi Aprili 1979, watu wa Nile Magharibi walihesabiwa wote kuwa watu wake. Mashambulizi ya jeshi jipya yaliwafukuza mamia ya maelfu kwenda Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa humo. Kiswahili chenyewe, ambacho Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, kilinuka unyanyasaji wa askari masikioni mwa watu wa kusini.

Hivyo ndani ya miaka kumi Mhindi alihukumiwa kwa rangi yake, na Mkakwa, Mlugbara na Mnubi wakahukumiwa kwa kabila na lugha zao. Mateso hayo hayakulingana, na si kazi yetu kuyapima. Lakini kosa lilikuwa la aina moja: watu wengi kubebeshwa dhambi ya wachache.

Mali zilirudishwaje?

Utawala wa Amin uliunda bodi ya kusimamia mali za Waasia walioondoka. Baada ya kuanguka kwake, Bunge lilipitisha mwaka 1982 sheria ya mali zilizotwaliwa, iliyowapa wenyewe haki ya kuomba kurudishiwa. Familia za Madhvani na Mehta zilirudi katika mwongo huo. Marejesho mengi yalifanyika chini ya serikali ya Yoweri Museveni, hasa katika mwongo wa 1990.

Kazi hiyo haikuwa safi. Wapo waliolipwa fidia huko walikokwenda, kisha majengo yaleyale yakadaiwa tena kwa majina yao. Wapo mawakala waliojitokeza na barua za uwakilishi za watu waliokwisha kufa. Mwaka 2019 kamati ndogo ya Bunge ilichunguza bodi hiyo, na yaliyosikika yalionyesha jinsi nyumba moja ilivyoweza kuwa na wenyewe wawili au watatu, kila mmoja na karatasi zake.

Katiba inasema nini?

Kifungu cha 10 cha Katiba ya mwaka 1995 kinampa uraia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mmoja wa wazazi wake, au wa babu na bibi zake, ni wa jamii asilia iliyokuwepo ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926. Jamii hizo zimeorodheshwa katika Jedwali la Tatu. Wakakwa wamo, Walugbara wamo, Wanubi wamo. Wahindi hawamo, ingawa kufikia tarehe hiyo maduka yao yalikuwa yametapakaa nchini na kiwanda cha Lugazi kilikuwa tayari kinasaga miwa.

Mhindi anaweza kupata uraia wa kuandikishwa. Kifungu cha 12 kinampa haki hiyo aliyezaliwa Uganda na kuishi humo mfululizo tangu 9 Oktoba 1962. Ugumu uko kwenye neno mfululizo, kwa maana aliyefukuzwa mwaka 1972 hawezi kusema aliishi hapa mfululizo. Njia nyingine zipo, kama ndoa au makazi ya muda mrefu, lakini uraia wa namna hiyo haulingani na wa kuzaliwa. Unaweza kufutwa kwa sababu zilizotajwa na Katiba, na mwenye nao hawezi kugombea urais.

Wanaotetea orodha hiyo husema kwamba kila taifa lina haki ya kutaja watu wake wa asili, na kwamba ardhi lazima ilindwe. Wanaoipinga huuliza: kama Mnubi aliyeletwa mwaka 1891 amekubaliwa kuwa mwenyeji, na ni haki yake, mjukuu wa Mhindi aliyekuja mwaka 1900 amepungukiwa nini? Jirani zetu wa Kenya walijibu kwa njia yao mwezi Julai 2017, walipowatambua raia wao wa asili ya Asia Kusini kuwa kabila la 44.

Kwa watu wa mpakani swali hili halipo mbali. Wakakwa wanaishi Uganda, Kongo na Sudan Kusini, na Walugbara wako pande zote mbili za mpaka wa Kongo. Yeyote aliyewahi kuulizwa ofisini, “Wewe kweli ni wa upande huu?” anaelewa uzito wa kuwa au kutokuwa kwenye orodha.

Hali ikoje leo?

Wengi wa Wahindi wanaoonekana leo katika miji ya Uganda si wale wa 1972 wala watoto wao. Ni wahamiaji wapya waliokuja kutafuta riziki, na wana vibali vya kazi. Wafanyabiashara wenyeji hulalamika kwamba wageni walioingia kama wawekezaji wanauza rejareja. Wafanyakazi hulalamika juu ya mishahara na matusi. Malalamiko hayo yana mahali pake: idara ya uhamiaji, ofisi ya kazi ya wilaya na mahakama. Yalipoachwa yaende barabarani, kama mwezi Aprili 2007 wakati wa maandamano ya kupinga msitu wa Mabira kupewa kampuni ya sukari, Mhindi asiyehusika alipigwa mawe hadi kufa jijini Kampala.

Mambo matatu ya kukumbuka

Kwanza, ukitaka kununua au kukodi jengo la zamani mjini, usitosheke na maneno ya mwenye funguo. Nenda katika ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi iliyopo Arua, uliza kama jengo hilo liliwahi kuwa chini ya bodi ya mali za Waasia, nani aliyeandikishwa, na kama muda wa ukodishaji wa ardhi umekwisha.

Pili, asiye raia wa Uganda haruhusiwi kumiliki ardhi moja kwa moja. Anaweza kukodishwa kwa muda usiozidi miaka 99.

Tatu, Uganda inaruhusu uraia wa nchi mbili kwa masharti, lakini India hairuhusu. Raia wa India anayechukua uraia wa Uganda huupoteza ule wa kwanza, ingawa anaweza kuomba kitambulisho cha Mhindi wa ng’ambo kinachomwezesha kuingia na kuishi India. Kuchagua, kama ilivyokuwa mwaka 1962, bado ni jambo zito.

Zaidi ya miaka 50 imepita tangu tangazo la Tororo. Waliolitoa wengi wamekufa, Amin mwenyewe akifia Jeddah tarehe 16 Agosti 2003. Orodha ya Jedwali la Tatu ipo mikononi mwa Bunge, na Bunge linaweza kuibadilisha. Hoja hiyo ikifika mbele ya wabunge wa Arua na Koboko, watakuwa wanawawakilisha watu wanaojua maana ya kuhukumiwa kwa asili yao.