Malezi ya Watoto Wachanga katika Meru na Embu



Katika taarifa hii mmekwisha kusoma habari za ada, za mazishi na za karo. Twaomba sasa nafasi kidogo tuwakumbushe wale wasioweza bado kusema wala kutembea, kwa maana hao hawana mjumbe katika mkutano wetu. Mkutano Mkuu utaulizwa kama fedha za akiba zijenge chumba kingine cha shule ya nasari. Kabla ya kujibu, yafaa tujue njia tuliyoipita.

Hapo kale mtoto hakuwa wa mama yake peke yake. Mkunga alimpokea, nyanya alimwangalia mama akiwa shambani, dada yake alimbeba mgongoni, na wazee wa ukoo walimjua. Kazi hizo zilikuwa za watu mbalimbali, lakini zilikaa pamoja, wala mama hakutembea kutwa akizitafuta. Hata hivyo tusiyasifu ya kale kupita kiasi, kwa kuwa watoto wengi walikufa kabla ya kuota meno.

Ndipo wamisheni wakaja na dawa. Dr. T. W. W. Crawford wa CMS alianza kazi Kigari mwaka 1910, na mwaka 1922 Dr. Clive Irvine wa Misheni ya Kanisa la Scotland akaanza Chogoria. Wamethodisti nao wakajenga hospitali yao Maua. Tangu miaka ya 1920 Mabaraza ya Wenyeji yalitoza kodi kwa ajili ya shule na dispensari. Faida yake ilikuwa kubwa, nasi twaishukuru. Lakini tangu siku hizo kila mlango ulikuwa na mwenyewe: aliyetibu hakufundisha, na aliyefundisha hakumtaka mtoto mpaka awe mkubwa wa kukaa darasani.

Mwezi wa Oktoba 1952 Hali ya Hatari ikatangazwa, na kuanzia mwaka 1954 watu wengi wa Embu na wa sehemu za Meru wakaamrishwa kuhamia vijiji vilivyozungushiwa ua. Wanawake wakalazimishwa kuchimba handaki kandokando ya msitu wa Mlima Kenya, na mama aliyeshika jembe la amri hawezi kunyonyesha. Katika baadhi ya vijiji watoto wakakusanywa chini ya mlezi mmoja, wakapewa uji au maziwa, Msalaba Mwekundu na Maendeleo ya Wanawake wakisaidia. Malezi, chakula na dawa vikawa karibu karibu, lakini ndani ya ua, chini ya bunduki, na mzazi hakuulizwa neno. Baadhi ya waliokuwa watoto siku zile wangali wazee kati yetu, nao wajua kwamba huduma isiyo na hiari ya mzazi si malezi kamili.

Baada ya Uhuru wa 1963 wazazi waliitika wito wa Harambee. Walitoa mbao, mabati na shilingi, wakajenga nasari kwa mikono yao, wakamlipa mwalimu kwa walichonacho. Serikalini, kliniki ilikuwa ya wizara moja na nasari ya nyingine, hata mwaka 1980 elimu ya watoto wadogo ikakabidhiwa Wizara ya Elimu. Mwaka 1984 kikaanzishwa kituo cha taifa cha kuongoza elimu hiyo. Kazi nzuri kabisa, lakini mtoto wa mwaka mmoja au miwili alibaki katikati: kliniki ilimwona siku ya kuchanjwa tu, na shule ilimngoja akue.

Naye ndiye mwenye haja kubwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani waliwachunguza watoto wa Embu mwaka 1984 hadi 1986. Waliona kwamba mtoto mdogo aliyezungumzwa naye mara nyingi, na aliyepata chakula bora, akili yake ilikua vizuri zaidi. Ukame wa 1984 ulikuta uchunguzi huo ukiendelea. Mama na watoto wa shule walipungukiwa chakula, lakini wale wadogo kabisa hawakupunguziwa. Tazameni basi: mzazi wa Embu, katika njaa, alimkinga mdogo kwa kujinyima mwenyewe. Hakukosa upendo, alikosa msaada.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti huduma za afya za mashinani, na pamoja nazo elimu ya chekechea na mahali pa kulelea watoto. Tangu 2013 Meru, Tharaka-Nithi na Embu zinazo kazi hizo zote mkononi. Zamani tuliambiwa, "Nenda wizara nyingine." Sasa mwenye zahanati na mwenye nasari ni mmoja, ingawa ofisi zao ni mbili na daftari zao hazijuani.

Kwa hiyo twashauri hivi kwa heshima. Chumba kikijengwa, kijengwe karibu na zahanati, wala si mbali nayo kwa sababu ya kiwanja cha bure. Kamati ya nasari na kamati ya zahanati zikutane pamoja, zijue ni mtoto gani hakuchanjwa, nani hana cheti cha kuzaliwa, na mama gani amebaki peke yake. Nyanya zetu waitwe kuwasimulia watoto hadithi, maana ujuzi huo hauna mshahara wala hauna badala.

Mababu zetu walikuwa na mikono mingi katika nyumba moja. Sisi tuna nyumba nyingi, na kila nyumba ina mkono mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Twawaomba wazee watuongoze katika kupiga kura.

Ni sisi watumishi wenu,
Ofisi ya Karani wa Chama