Picha ya Maiti Inayowalinda Waogaji Wasiovaa Nguo

Kwenye fukwe za Bahari ya Baltiki, kaskazini mwa Ujerumani, vimesimikwa vibao vyenye herufi tatu: FKK. Ni kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya utamaduni wa mwili huru. Kuanzia penye kibao hicho, wazee, vijana na familia nzima huoga na kuota jua bila nguo, kwa idhini ya mamlaka za mji. Mwaka 2024 mji wa Rostock ulitangaza kanuni mpya za ufukwe zilizosema kwamba sehemu hizo ni za wasiovaa, na kwamba anayebaki na nguo zake anaweza kuambiwa aondoke. Magazeti mengi ya nje yaliifanya habari hiyo kichekesho. Kwa waogaji wenyewe lilikuwa jambo zito: anayekaa na nguo kati ya wasiovaa mara nyingi amefuata kutazama, na mtazamaji wa siku hizi hakosi simu yenye kamera.

Muogaji huyo ana sheria inayomlinda dhidi ya picha asizoziridhia, nayo ni kongwe kuliko vibao vya FKK. Wala haikutungwa kwa ajili ya ufukwe. Chanzo chake ni chumba cha kulala alimofia mzee mmoja.

Otto von Bismarck, chansela wa kwanza wa Dola ya Ujerumani na mwenyeji wa mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 uliohusu Afrika, alifariki kwake Friedrichsruh, karibu na Hamburg, tarehe 30 Julai 1898, muda mfupi kabla ya saa tano usiku. Alikuwa na umri wa miaka 83. Wapiga picha wawili wa Hamburg, Willy Wilcke na Max Priester, walikuwa wakivizia kifo hicho, na walikuwa wamempata mtumishi wa misitu ya hapo awapashe habari. Kiasi cha saa kumi alfajiri waliingia chumbani kupitia dirisha, wakawasha unga wa magnesiamu ili kupata mwanga, wakapiga picha, wakatoweka.

Picha yenyewe inasikitisha. Mtu aliyetikisa Ulaya nzima anaonekana amezama kwenye mito, kichwa kimefungwa kitambaa, shuka zimevurugika, na chombo cha haja ndogo kimeachwa kando ya kitanda. Haikuwa sura ambayo familia yoyote ingependa wageni waione. Siku chache baadaye lilitoka tangazo gazetini la kumtafuta mnunuzi. Bei iliyotajwa ilikuwa mark 30,000 pamoja na asilimia 20 ya faida, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Mshindani wao katika biashara aliwachongea kwa familia, polisi wakazikamata picha, na mwaka 1899 watu wote watatu wakafungwa: Wilcke miezi minane, Priester na mtumishi wa misitu miezi mitano kila mmoja.

Kifungo kilikuwa cha kosa la kuingia nyumba ya watu. Swali gumu lilibaki kuhusu picha. Watoto wa Bismarck walitaka ziharibiwe, lakini sheria ya Ujerumani haikuwa na kifungu kinachompa mtu, achilia mbali maiti, haki juu ya sura yake. Sheria ya picha ya mwaka 1876 ilimlinda mpiga picha dhidi ya wanaonakili kazi yake. Aliyepigwa hakutajwa kama mwenye madai. Tarehe 28 Desemba 1899 Mahakama Kuu ya Dola mjini Leipzig iliipa familia ushindi kwa kupitia njia ya kando, iliyotoka katika sheria za Kirumi: aliyepata kitu kwa kuvunja nyumba ya mtu hana haki ya kubaki nacho. Hukumu hiyo, iliyochapishwa katika juzuu ya 45 ya hukumu za mahakama hiyo, inasomeshwa mpaka leo katika vyuo vya sheria vya Kijerumani. Ilitenda haki, na wakati huo huo ilianika udhaifu uliokuwepo. Kama wale wawili wangepiga picha wakiwa wamesimama barabarani, hoja ya kuvunja nyumba isingesaidia kitu.

Bunge liliziba tundu hilo kwa sheria ya haki za wasanii na wapiga picha ya tarehe 9 Januari 1907. Kifungu cha 22 kinasema picha ya mtu isisambazwe wala kuoneshwa hadharani bila ridhaa yake. Akifa, ridhaa iko mikononi mwa jamaa zake kwa miaka kumi. Kifungu cha 23 kinaruhusu picha za historia ya zama, za mikutano na maandamano, na zile ambazo mtu ameonekana kwa bahati tu pembeni ya mandhari. Kifungu cha 33 kinampa mkosaji faini, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Zaidi ya karne imepita na vifungu hivyo bado vinatumika.

Wakati huo huo harakati za kuishi bila nguo zilikuwa zinachipua. Mwaka 1903 Paul Zimmermann alifungua bustani ya wasiovaa huko Klingberg, karibu na Lübeck. Mwaka 1920 kisiwa cha Sylt kikapata ufukwe rasmi. Kati ya matukio hayo kilipita kisa kilichoonesha nguvu ya picha ya ufukweni. Agosti 1919, Friedrich Ebert alipoapishwa kuwa rais, jarida la Berliner Illustrirte Zeitung lilimtoa kwenye jalada akiwa majini huko Haffkrug na waziri wake Gustav Noske, wote wamevaa chupi za kuogelea tu. Wapinzani wa jamhuri walichapa kadi za posta zilizomweka Ebert huyo mwenye kitambi kando ya kaizari aliyevaa sare kamili. Ebert alihangaika mahakamani na waliomkashifu mpaka alipofariki mwaka 1925.

Wanaharakati wa FKK nao walizihitaji picha. Majarida yao ya miaka ya 1920 yalijaa miili inayoruka na kukimbia juani, na kitabu cha Hans Surén cha mwaka 1924 kiliuzwa sana kwa sababu hiyo hiyo. Machi 1933 Hermann Göring, wa serikali ya Wanazi, alitoa amri dhidi ya utamaduni huo. Ujerumani Mashariki ilijaribu kuupiga marufuku kwenye fukwe zake mwaka 1954, ikashindwa, na mwaka 1956 ikaweka kanuni za kuutengea maeneo. Baada ya Ujerumani mbili kuungana mwaka 1990 watu wa magharibi na mashariki waligombana juu ya nguo kwenye fukwe hizo hizo.

Mahakama ziliendelea kukikunjua kifungu cha 22. Mwaka 1985 Mahakama ya Shirikisho iliamua kesi ya mtu aliyeridhia picha yake ya utupu iwekwe katika kitabu cha baiolojia cha shule, kisha ikaoneshwa kwenye televisheni. Ridhaa ya kitabu, ilisema mahakama, si ridhaa ya televisheni. Mwaka 2004 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilimpa ushindi Binti Mfalme Caroline wa Monaco dhidi ya Ujerumani, na kati ya picha alizolalamikia imo aliyopigwa akijikwaa kwenye klabu ya ufukweni.

Mwaka huo huo wa 2004 kiliongezwa kifungu cha 201a katika sheria ya jinai, kinachoadhibu hata tendo lenyewe la kupiga picha. Lakini kinahusu hasa nyumba na sehemu zilizozuiwa zisionekane, kama vyoo na vyumba vya kubadilishia nguo. Kifungu cha 184k, cha mwaka 2021, kinamwadhibu anayeingiza kamera chini ya sketi, ila kinalinda viungo ambavyo mwenyewe amevifunika. Mtu mzima aliyelala bila nguo kwenye ufukwe wa wazi hafunikwi na chochote kati ya hivyo viwili. Picha ikipigwa bila ridhaa anaweza kudai haki yake kwa kesi ya madai, ikiwa atamjua mpigaji. Mkono wa jinai, ule wa 1907, unamfikia mpigaji pale tu anapoisambaza au kuionesha hadharani. Kwa simu, hatua hiyo huchukua sekunde moja, na baada ya hapo hakuna polisi awezaye kuikusanya picha yote.

Ndiyo maana vilabu vya FKK vinategemea kanuni zao wenyewe: kamera hazitolewi bila kibali cha uongozi na cha kila anayepigwa, na penginepo lenzi ya simu hubandikwa kibandiko mlangoni. Kanuni hizo hazina nguvu nje ya uzio wa klabu. Wabunge wa mwaka 1907 walihitaji miaka saba tangu hukumu ya Leipzig kuandika kifungu cha 22. Wa leo wamekuwa na simu zenye kamera mbele yao kwa zaidi ya miaka ishirini, na wanapaswa kumwandikia muogaji wa Rostock kifungu kinachoanza kazi pale kamera inapoinuliwa.