Kabla ya Fomu, Usukumani Kulikuwa na Bagika na Bagalu

Mdau, usidhani vikundi vya sanaa vilianza na mhuri. Usukumani, eneo ambalo Ngulyati ya Bariadi imo, wacheza ngoma wamegawanyika Bagika na Bagalu tangu karne ya 19, enzi za manju wawili waliokuwa wapinzani sugu. Kila upande ulikuwa na viongozi wake, dawa zake na wanafunzi wake. Mavuno yakiisha wanakutana uwanjani, wanacheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye bingwa. Ubishi kwisha!

Mwaka 1984 ikaundwa BASATA, na 1998 Tanzania na Sweden zikaanzisha Mfuko wa Utamaduni. Hela za kusaidia sanaa zikawepo, ila kwa maombi: usajili, katiba, bajeti, ripoti. Hapo ndipo manju anayejaza uwanja anaweza kupigwa chini na kikundi kinachojua kuandika tu.

Kwa hiyo msaada unaohitajika siyo wa kufundisha kucheza. Ni wa kushika daftari: nani mweka hazina, pesa imeingia kiasi gani, imekwenda wapi. Ngoma wanaijua kitambo. Wafundishwe karatasi.