Ugonjwa Uliokosa Jina Hadi 1979

Kati ya 1972 na 1978, Gerald Russell, daktari wa magonjwa ya akili mjini London, alikutana na wagonjwa 30 waliomtatiza. Anoreksia aliijua vizuri. Huo ni ugonjwa wa kujinyima chakula hadi mwili ubaki mifupa, na madaktari walikuwa wakiuandika tangu 1873, enzi za William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris. Lakini hawa 30, wanawake 28 na wanaume 2, walikuwa na jambo jingine. Walishikwa na hamu ya kula isiyozuilika, wakabugia chakula kingi kwa muda mfupi, kisha wakajitapisha au wakameza dawa za kuharisha kwa hofu ya kunenepa.

Mwaka 1979 Russell aliwaelezea katika jarida la Psychological Medicine, na ugonjwa wao akauita bulimia nervosa. Aliusawiri kama sura mpya ya anoreksia, tena sura ya kutisha. Alitaja pia sugu alizoziona kwenye vifundo vya vidole vya baadhi yao, pale mkono ulipokuwa ukisuguana na meno. Hadi leo madaktari huziita alama ya Russell.

Hakuwa wa kwanza kuuona. Marekani, mwaka 1976, Marlene Boskind-Lodahl wa Chuo Kikuu cha Cornell alikwisha kuandika kuhusu wasichana wa chuo waliozunguka kati ya kufunga, kubugia na kutapika. Hata hivyo, jina la Russell ndilo lililoshika, na mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kikaiingiza bulimia katika mwongozo wake wa magonjwa.

Swali likabaki: kama wagonjwa hawa wapo, mbona hawaonekani? Jibu lilianza kupatikana Oxford. Mwaka 1980 daktari kijana, Christopher Fairburn, badala ya kuwasubiri wagonjwa hospitalini, aliweka tangazo katika gazeti la wanawake la Cosmopolitan akiwaomba wanaojitapisha ili kudhibiti uzito wamwandikie. Barua zikamiminika. Kutokana na majibu hayo, Fairburn na mwenzake Peter Cooper walitambua wanawake 499 wenye dalili zote za bulimia nervosa. Wengi walisema wanahitaji msaada wa daktari, lakini waliokuwa wakitibiwa walikuwa wa kuhesabika.

Siri yenyewe ilikuwa sehemu ya maradhi. Mwenye anoreksia hushtukiwa na jamaa kwa kukonda. Mwenye bulimia mara nyingi ana uzito wa kawaida, anakwenda kazini, anakaa mezani na wenzake, na yanayofuata huyafanya mlango ukiwa umefungwa. Ndani ya mwili madhara huendelea. Asidi ya tumbo hula meno, tezi za mate huvimba mashavuni, na kutapika mara kwa mara hushusha potasiamu ya damu kiasi cha kuvuruga mapigo ya moyo.

Fairburn aliona kwamba chanzo cha mzunguko huo si ulafi. Mtu anayejipima thamani kwa umbo lake hujiwekea masharti makali ya chakula. Njaa na msongo vinapomzidi, masharti yanavunjika, anabugia. Aibu inamsukuma kutapika, kisha anaapa kujinyima zaidi, na kwa kujinyima huko anaandaa kubugia kwingine. Mwaka 1981 alichapisha matokeo ya wagonjwa 11 wa kwanza aliowatibu kwa kuukata mzunguko huu. Kwanza mgonjwa huandika kila anachokula na hali aliyokuwa nayo. Halafu hurudi kwenye milo mitatu kwa siku na vitafunio katikati, hata kama hana hamu, ili njaa isimvizie. Baadaye hufundishwa kuzihoji fikra zake kuhusu mwili. Ndiyo tiba ya utambuzi na tabia, ambayo kwa kawaida huchukua vikao takriban 20 kwa miezi mitano hivi.

Dawa nazo zilijaribiwa. Mwaka 1992 utafiti wa wanawake 387 ulionyesha kwamba fluoksetini, dawa ya sonona, hupunguza kubugia na kutapika ikitolewa kwa miligramu 60 kwa siku.

Umma wa Uingereza uliufahamu ugonjwa huu kupitia mtu mmoja. Kitabu cha Andrew Morton cha 1992 kilifichua bulimia ya Princess Diana, na Novemba 1995 yeye mwenyewe akaizungumzia kwenye televisheni ya BBC. Uchunguzi wa baadaye wa kumbukumbu za madaktari wa familia ulionyesha kwamba wagonjwa wapya wa bulimia waliongezeka hadi 1996, wakapungua baada ya hapo. Watafiti walihisi kwamba mfano wa Diana uliwapa wengi ujasiri wa kujitokeza.

Wanaume walichelewa zaidi. John Prescott, naibu waziri mkuu wa Tony Blair kwa miaka kumi, alikiri mwaka 2008 kwamba aliugua kwa miaka mingi. Alisimulia kuwa alipokwenda kwa bingwa, chumba cha kusubiri kilijaa wanawake vijana, mwanamume akiwa yeye peke yake.

Nje ya Ulaya na Marekani, ushahidi maarufu ulitoka Fiji. Mwaka 1995, televisheni ilipoingia tu mkoani Nadroga, Anne Becker wa Harvard hakupata msichana wa shule aliyekiri kujitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 11.3. Tanzania nayo ilichunguzwa, na utafiti wa wanawake vijana uliochapishwa mwaka 2007 ulizihusisha dalili za matatizo ya ulaji na vyombo vya habari.

Mgonjwa wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuanzia kwa daktari wa kawaida. Amweleze bila kuzunguka kwamba anabugia na kutapika, kwa sababu mizani haitamweleza. Apimwe potasiamu na moyo, kisha aombe rufaa kwa idara ya magonjwa ya akili, kama ile ya hospitali ya Muhimbili au ya Mathari. Kwa kijana anayeishi na wazazi, majaribio yaliyofanywa Chicago na kuchapishwa 2007 yalionyesha kwamba tiba inayowashirikisha wazazi katika kusimamia milo humsaidia kuliko ushauri wa faraja peke yake.