Baiskeli katika Nchi ya Ukame: Safari za Kujitegemea Australia, 1892–1914

Safari ya kujitegemea ya baiskeli ni ile ambayo msafiri hubeba mahitaji yake yote juu ya chombo anachokiendesha, bila kufuatwa na gari, mnyama wala mpagazi. Desturi hii ilikomaa mapema sana katika maeneo ya ndani ya Australia, yenye joto kali, mvua haba na watu wachache, ambako baiskeli ilikuwa chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha matembezi. Historia yake inastahili kusimuliwa kwa ukamilifu, kwa sababu waliosifiwa kwa kusafiri peke yao walipita katika njia, na kunywa katika visima, vilivyotokana na jasho na maarifa ya watu ambao majina yao hayakuandikwa.

Baiskeli iliyowezesha safari hizo ilikuwa bado changa. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli yenye magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop, akiwa Belfast, akapata hataza ya tairi la kujazwa upepo. Dhahabu ilipogunduliwa Coolgardie, magharibi mwa Australia, mwaka 1892 na Kalgoorlie mwaka 1893, maelfu ya wachimbaji walimiminika katika nyika isiyo na mito, ambako maji ya chumvi yalichemshwa ili mvuke wake ukusanywe na kuuzwa kwa bei ghali. Katika mazingira hayo farasi alikuwa mzigo kwa mwenyewe, kwani alihitaji maji mengi na majani kila siku, ilhali baiskeli haikuhitaji lolote kati ya hayo. Ndipo wakatokea matarishi wa baiskeli, waliopeleka barua na simu za maandishi kambini kwa malipo hadi reli ilipofika Coolgardie mwaka 1896. Nao wakata manyoya ya kondoo, waliokuwa wakihama kutoka shamba moja hadi jingine kufuata msimu, waliikumbatia baiskeli kwa sababu hiyohiyo.

Mzigo wa msafiri ulikuwa mdogo: blanketi, chakula kikavu, pampu, gundi na viraka, pamoja na mfuko wa maji wa turubai. Mfuko huo ulivuja kidogo kidogo kupitia nyuzi zake, na upepo wa safari ulipokausha unyevu uliojitokeza nje, maji yaliyosalia ndani yalipoa; hivyo msafiri alipoteza sehemu ya maji yake ili sehemu nyingine inyweke katika joto lile. Adui wa kila siku alikuwa mbigili, mmea utambaao ambao miiba yake hutoboa tairi na kumlazimisha mwendeshaji kushuka, kung'oa tairi, kutafuta tundu na kubandika kiraka juani.

Mahali ambapo barabara ilikuwa mchanga mtupu, waendesha baiskeli walipendelea vijia vya ngamia. Nyayo za ngamia ni pana na laini, nazo zilipopita mahali pamoja msafara baada ya msafara, zilishindilia udongo ukawa ukanda mwembamba, mgumu na uliosawazika, uliolifaa gurudumu kuliko njia za mikokoteni. Waongozaji wa misafara hiyo waliitwa wote Waafghani, ingawa wengi walitoka katika maeneo ambayo leo ni Pakistani na kaskazini-magharibi mwa India. Walilisha na kuhudumia miji ya nyika kwa miongo mingi, lakini sheria ya uhamiaji ya 1901 ililenga kuwazuia watu wa asili kama yao wasiingie nchini.

Safari ndefu zilifuata pia nyaya za telegrafu, yaani mfumo wa kupeleka ujumbe kwa ishara za umeme. Mwaka 1896 Arthur Richardson alitoka Coolgardie hadi Adelaide kwa siku 31, akivuka uwanda wa Nullarbor. Mwaka 1897 Jerome Murif akawa wa kwanza kuivuka Australia kwa baiskeli kutoka kusini hadi kaskazini, akifuata waya wa takriban kilomita 3,200 uliokamilika mwaka 1872, ambao vituo vyake vilimpa msafiri maji, chakula na habari za mbele. Richardson alilizunguka bara zima mwaka 1899 na 1900, mwendo wa takriban kilomita 18,500, na mwaka 1914 Edward Reichenbach alitoka Adelaide hadi Darwin kwa siku 28 tu.

Waya huo wenyewe ulifuata kwa sehemu kubwa njia ya mpelelezi John McDouall Stuart, aliyetoka chemchemi moja hadi nyingine, na chemchemi hizo zilijulikana na kutunzwa na Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, maelfu ya miaka kabla yake. Mara nyingi maarifa yao yalichukuliwa kwa nguvu: mwaka 1896 mpelelezi David Carnegie aliwakamata wenyeji ili wamwoneshe maji, kama alivyoeleza mwenyewe katika kitabu chake. Hata hivyo, ushujaa wa Murif na Richardson ni wa kweli na haupungui kwa kutajwa pamoja na wengine. Kinachopungua ni dhana kwamba nchi ile ilikuwa tupu. Mwendesha baiskeli alijitegemea kwa miguu na mzigo wake, lakini kwa maji na njia alikuwa mgeni wa watu, na historia iliyo kamili haina budi kuwataja wenyeji wake.