Kutoka Namba Hadi Jina: Sanaa ya Nchi ya Mkonge na Jicho la Japani

Kilole ni kata ya mji wa Korogwe, mkoani Tanga. Reli iliyoanzia pwani ilifika Korogwe mwaka 1902, na pamoja na reli ukaenea mkonge, mmea ulioletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche aliyoiagiza ilitoka Florida, na iliyosalimika safarini haikuzidi 62. Kutokana na miche hiyo michache yalizaliwa mashamba ambayo mwaka 1964 yalitoa takriban tani 230,000 za singa. Magunga na Mgombezi, majina wayajuayo vyema wenyeji wa Korogwe, yalikuwa miongoni mwa mashamba hayo.

Huenda msomaji akauliza, mkonge na sanaa vinakutana wapi? Na Japani inaingiaje? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya sanaa ya kisasa ya Tanzania, ile iliyovuka bahari na kupendwa mno na Wajapani, iliwahi kulala katika kambi za vibarua wa mkonge. Ni historia ya watu walioanza wakiwa namba, wakaishia kuwa majina.

Kazi ya mkonge ilihitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana kwa Wasambaa, Wazigua na Wabondei. Kwa hiyo watu waliletwa kutoka mbali: Songea, Tunduru, Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Kibarua alipewa namba. Kwa namba hiyo aliitwa, alihesabiwa na kulipwa. Ndiyo asili ya neno manamba, ambalo hadi leo lina uchungu ndani yake. Mtu aliacha kwao jina la baba na babu, akavaa tarakimu.

Miongoni mwa manamba hao walikuwamo Wamakonde waliovuka mto Ruvuma. Walikuja na panga la kukatia mkonge mkononi, lakini mikono hiyo hiyo ilijua patasi. Wengi wao baadaye walielekea Dar es Salaam, ambako mpingo ulipata wanunuzi. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1950, Samaki Likankoa alianza kuchonga viumbe vya ajabu vilivyokuja kuitwa mashetani, na mfanyabiashara Mohamed Peera akavipa soko.

Edward Saidi Tingatinga naye alipita njia ya mkonge. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, na katika miaka ya 1950 akaja Tanga kutafuta kazi mashambani. Kutoka hapo alikwenda Dar es Salaam, akafanya kazi za kila namna, na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta zinazong'aa juu ya vipande vya ubao laini. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi kwa kudhaniwa mhalifu. Alichora kwa miaka minne tu, lakini alikwisha wafundisha jamaa na vijana waliomzunguka, na mtindo ukabaki na jina lake.

Aliyeunganisha mito hii miwili, wa uchongaji na wa uchoraji, ni George Lilanga, Mmakonde wa kusini aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005. Katika Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, Lilanga alichora, alichapa picha, alipamba ngozi na vitambaa. Mashetani ya mpingo yalishuka kutoka kwenye gogo yakaingia kwenye turubai, yakavaa rangi za Tingatinga. Kisha yakarudi tena kwenye mti, safari hii yakiwa yamepakwa rangi. Kwake yeye picha na sanamu zilikuwa lugha moja yenye lahaja mbili.

Sasa tuitazame Japani. Sisi wa pwani tuliijua mapema kuliko tunavyokumbuka, kwani mama zetu waliivaa. Kabla ya viwanda vyetu kuanza kuchapa kanga, nyingi ziliagizwa kutoka ng'ambo, na kampuni ya Nishizawa ya Japani ilizichapa kwa kushirikiana na wafanyabiashara wa Mombasa. Mchapaji wa Kijapani alichapa jina la Kiswahili asilolielewa, na mwanamke wa Mombasa au Unguja akalivaa kumjibu jirani yake.

Kwa nini basi Wajapani wakaupenda mpingo wa Wamakonde na ubao wa Tingatinga? Jibu, kwa maoni yetu, limo katika mila zao wenyewe. Japani ni nchi iliyouheshimu mti. Katika karne ya 17 mtawa Enkū alizunguka vijijini akichonga sanamu za Kibudha, akiacha makovu ya patasi yaonekane, na maelfu ya sanamu zake zipo hadi leo. Katika picha zao za kuchapwa kwa vibao, kama zile za Hokusai, rangi hutandazwa bapa, mstari hushika umbo, na kivuli hakina kazi kubwa. Chui wa Tingatinga ameumbwa kwa kanuni zinazofanana na hizo, ingawa hatudai kwamba Tingatinga alijifunza kwa Mjapani ye yote. Munakata Shikō, bingwa wa uchapaji aliyepata tuzo kuu ya fani hiyo mjini Venice mwaka 1956, aliliandika neno la picha ya chapa kwa herufi yenye maana ya ubao, akitaka ubao wenyewe upewe haki ya kusema. Mchongaji wa Kimakonde, anayefuata mapindo ya gogo lake, angemwelewa bila mkalimani.

Basi mapenzi hayo yakazaa matendo. Mjini Ise, katika mkoa wa Mie, ilianzishwa makumbusho mahususi ya sanaa ya Kimakonde. Simon Mpata, mmoja wa wanafunzi wa mwanzo wa Tingatinga aliyehamia Nairobi, alipewa heshima na Wajapani waliojenga hoteli Maasai Mara na kuiita kwa jina lake. Hapa visiwani, Shimaoka Tsuyoshi, aliyehamia Zanzibar mwaka 1987 na kujulikana zaidi kwa kufundisha judo, pamoja na mkewe Yumiko, walipeleka michoro ya Tingatinga kwao na kuiandalia maonyesho. Wapo pia Wajapani waliokuja Dar es Salaam kukaa chini na kujifunza brashi kwa mafundi wetu.

Hata hivyo, lipo jambo la kutahadhari. Mwaka 1925 Yanagi Sōetsu na wenzake walibuni neno mingei, yaani sanaa ya watu wa kawaida, na mwaka 1936 wakafungua makumbusho yake Tokyo. Yanagi alimsifu fundi asiyetia jina katika kazi yake. Aliuona uzuri wa chungu kisicho na sahihi. Ni fikra tukufu, lakini haiwezi kuvishwa manamba bila kupimwa. Fundi wa Yanagi hakulihitaji jina. Kibarua wa mkonge alinyang'anywa lake. Kwa hiyo Tingatinga alipoandika jina lake kwenye ubao, hakuwa akijisifu, bali alikuwa akijirudishia kilichochukuliwa. Anayetundika ukutani "sanaa ya Kiafrika" bila jina la mchoraji, awe Ise au Unguja, anamrudisha mtu huyo kambini.

Washairi wanalijua hilo kwa desturi yao. Mtunzi wa utenzi hufika beti za mwisho akajitaja, na pengine akataja mji na mwaka, ili karne zijazo zisimpoteze. Mchoraji naye ana haki hiyo hiyo.

Mkonge umepungua, na kambi nyingi zimekuwa vijiji vya watu huru. Katika nyumba za Kilole na Korogwe nzima wamo wajukuu wa manamba, na kwa wazee wao hapana budi kuna habari za nani alichonga, nani alichora, nani aliimba. Wajapani wamezitunza kazi. Kutunza majina ni wajibu wetu. Aanzaye kuyaandika leo hatakuwa amechelewa, ila asingoje wazee wamalizike.